Kitambaa Kwenye Shingo ya Mtungi

Mimi ni mtu wa kukaripia. Nakiri mapema, kabla wanaonijua hawajanitangulia. Nafundisha elimu ya dawa chuo kikuu hapa Bukavu, na nikishatoka darasani nasimamia farmasi ndogo huko Ibanda, ambako wateja wanaambiana kwamba dawa za pale ni nzuri ila maman wa pale ana maneno. Ni kweli, ninayo. Mtu akiniambia amegawa vidonge vyake na jirani, au ameviacha juu ya dirisha vikaota jua, damu inanipanda, na aliye mbele yangu atanisikia mpaka barabarani.

Aliyenisikia zaidi ya wote ni dada yangu mkubwa. Nyumbani tunamwita yaya, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Yaya analima maharagi na mihogo kule Nyantende, nje kidogo ya mji, na tangu usichana wake ana kifafa. Miaka mingi ugonjwa huo ulikuwa umetulia. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, vidonge vyeupe vya duara vya karbamazepini, na yaya hakuanguka tena. Tulisahau hata kumuuliza. Mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa, mkwe wake, mke wa mtoto wake, alimkabidhi bila wasiwasi, na yaya akawa anakwenda naye shambani mgongoni, anapalilia huku anamwimbia.

Dawa hizo nilikuwa namnunulia mimi. Nilichukua kwenye depo ya dawa kopo kubwa la vidonge elfu moja, nikaliweka kabatini nyumbani kwangu Muhumba, kifuniko kimekazwa, na ndani yake kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu. Kila mwezi nilihesabu vyake, nikavitia kwenye kifuko cha plastiki, nikampelekea. Nilijiona dada mwema, na kusema kweli nilipenda kuonekana hivyo.

Jumapili moja baada ya misa nilikwenda kumsalimia, nikamkuta jikoni na mkwe wake. Nilipoinua macho nikaona kifuko changu kimetiwa ndani ya kopo kuukuu la maziwa, na kopo lenyewe limekaa juu ya kichanja, palepale juu ya moto, jeusi kwa masizi, katikati ya mbegu za maharagi na magunzi ya mahindi. Pale ndipo mama yetu alipoweka kila kitu alichotaka kidumu. Mimi nikaona joto na moshi tu, basi nikawaka.

"Yaya! Dawa haiwekwake pa moto! Joto itaiharibu yote. Miaka yote hii, na weye unaipika kama maharagi?"

"Sasa niweke wapi, mudogo?"

"Pa baridi! Mahali penye iko baridi kuliko mahali yote mu hii nyumba."

Mkwe aliinamisha kichwa, akaendelea kuchambua sombe, majani ya mihogo, kana kwamba hasikii. Yaya alijibu kwa upole, "Sawa, nitaweka," na tukala bugali na sambaza, vidagaa vya ziwani, tukiongea habari nyingine.

Niliporudi mwezi uliofuata alinishika mkono akaniongoza mpaka kwenye kona ya chumba chake, ulipo mtungi wa maji. Ni mtungi wa udongo wa zamani, umekaa juu ya mchanga, na maji yake yanauma meno hata wakati wa jua kali. Akafunua kifuniko. Ndani ya shingo ya mtungi, juu kidogo ya maji, kulining'inia fundo la kitenge chakavu kwa uzi. Vidonge vyangu vilikuwa humo, ndani ya kifuko changu kilekile cha plastiki. Katika nyumba ile yote hapakuwa na mahali baridi kuliko pale. Alikuwa amezunguka akipapasa kuta na sakafu kwa kiganja mpaka akapapata.

"Njo vile!" nikamwambia. "Sasa umesikia." Nikamsifu mbele ya mkwe wake, naye akafurahi kama mtu aliyepewa cheti.

Mvua zilipoanza, yaya akaanguka. Mara ya kwanza ilikuwa shambani, peke yake, akainuka akajipangusa matope na asimwambie mtu. Mara ya pili alikuwa anatoka kwenye chemchemi na mtoto mgongoni. Mtoto alipasuka kipaji cha uso. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, kilipona katika siku chache, lakini mkwe alimfungua mtoto kutoka kwenye kitenge cha yaya siku ile na hakumrudisha tena. Simlaumu. Kuanzia hapo yaya hakupika, kwa sababu ya moto, hakwenda chemchemi, akabaki kumtazama mjukuu wake akipita mgongoni kwa mama yake.

Nilikwenda Nyantende kwa pikipiki kwenye utelezi, matope mpaka magotini na hasira mpaka kooni. Sikumuuliza hali kwanza. Nilimwambia, mkwe akiwa amesimama mlangoni na mtoto: "Yaya, unarukaka dawa."

"Apana. Minamezaka. Asubui na magaribi, kila siku."

"Yaya, usinidanganye. Dawa ikimezwa inafanya kazi yake."

"Mudogo, mi ninakwambia minamezaka."

Nilivihesabu vidonge vyake. Vilivyobaki vililingana kabisa na siku za mwezi. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikajiambia kwamba pengine anavitupa, kwa kuwa vimemchosha. Mkwe alinisikia, na nilimwona usoni kwamba ameniamini mimi, mwenye diploma, kuliko mama mkwe anayeishi naye. Yaya hakulia wala hakujitetea tena. Alirudi kukaa kwenye kigoda chake akatazama nje.

Njiani kurudi mjini nikaanza kumtafuta mkosaji mwingine, maana usoni mwa yaya niliona kitu kilichonisumbua. Labda kiwanda kimetuuzia chokaa. Dawa bandia tunazijua hapa, zinatufikia kwa njia zote. Wakati huohuo chuo kilikuwa kimenipatia nafasi ya miezi mitatu kwenye maabara moja ya Ulaya wanakochunguza dawa ngumu, yaani vidonge na unga wake, kwa mwanga mpya. Nikaamua kwenda na ushahidi. Nilimwomba yaya vidonge sita, na fundo lake la kitenge vilevile lilivyo, nikavifungia ndani ya kichupa cha kioo chenye kifuniko cha kukaza. Kwenye kichupa cha pili nikatia sita kutoka kopo langu la Muhumba. Kopo lilikuwa lilelile moja. Kama kiwanda kimetudanganya, vyote vingeonyesha udanganyifu mmoja.

Mwanga wenyewe unaitwa terahezi. Nilikuwa nimeusoma kwenye fotokopi na kuufundisha kwa chaki bila kuuona, kama padri anavyofundisha habari za mbinguni. Jicho haliuoni. Unakaa katikati, baina ya mawimbi yanayobeba sauti ya simu na lile joto unalolisikia ukinyoosha viganja mbele ya mbabula, jiko la makaa. Unapita katika karatasi, nguo na plastiki kana kwamba havipo. Lakini ukikutana na fuwele za dawa, unatoka umebadilika, na kwa mabadiliko hayo unasoma dawa imekaaje ndani.

Fundi wa maabara alikuwa mzee mmoja mrefu, mpole, aliyenisemesha Kifaransa polepole. Siku ya kwanza nilipotoa kichupa cha yaya nikataka kufungua fundo, akanizuia.

"Usifungue, mama. Tutazame kwanza."

Akaliweka fundo zima kwenye mashini. Tulingoja, mashini ikipima nukta moja baada ya nyingine, na kwenye skrini picha ikajengeka mstari kwa mstari. Maua ya kile kitenge, niliyoyajua tangu kikiwa kipya, hayakuwepo. Plastiki nayo haikuwepo. Palikuwa na ukungu hafifu, na ndani yake miviringo sita myeusi, imelaliana vilevile mkono wa yaya ulivyoifunga. Nikashika ukingo wa meza. Nilijisikia nimechungulia ndani ya ngumi ya dada yangu bila yeye kuifungua.

Nikadhani huo ndio muujiza wote. Kumbe ulikuwa mlango tu. Kesho yake alitwanga taratibu kidonge kimoja cha Muhumba, akauchanganya unga wake na unga wa plastiki, akaubana ukawa kipande chembamba, akapitisha mwanga. Ukatoka mstari wenye vilima na mabonde. Akanieleza nilichokuwa nakijua kwa maneno tu: kwamba ndani ya fuwele molekuli zimejipanga safu kwa safu, na hazikai kimya hata dakika moja. Zinatikisika pamoja, safu nzima kwa mara moja. Ukizipanga kwa namna nyingine, molekuli zilezile, zitatikisika namna nyingine, na vilima vitahama. Nilikuwa nimeshika vidonge tangu ujana wangu. Nimehesabu malaki kwa kisu na sinia, nimeviita vitu vikavu, vilivyokufa. Na muda wote huo, ndani ya kila kimoja, kulikuwa na ngoma ambayo haijawahi kusimama. Nililia kidogo, nikasingizia mafua.

"Sasa nikuonyeshe adui yetu," akasema yule mzee. Mashini ile ina kisanduku ambamo wanapuliza hewa kavu saa zote. Akafungua mlango wake. "Pumua humo."

Nikainama nikapumua mara moja, kama mtu anayepuliza makaa. Kwenye skrini, mstari uliokuwa umetulia ukachomwa na mikato mingi myembamba, mirefu, iliyosimama kama nyasi.

"Hayo ni maji," akasema. "Ni pumzi yako."

Sijui nieleze vipi. Nimezaliwa kando ya ziwa, nimekulia kwenye mvua na ukungu, sijawahi kuyafikiria maji ya pumzi yangu. Yalikuwa pale, yamehesabika, kila mkato mahali pake, na yule mzee akasema mikato hiyo inasimama palepale akipumua mtu yeyote duniani. Hewa kavu ilipoingia mikato ikaisha mmoja mmoja. Niliomba kupumua tena, naye akacheka akaniruhusu.

Nilikuwa bado na furaha hiyo ya kitoto aliponiita tena kwenye skrini. Alikuwa ameweka kipande cha unga wa kidonge cha yaya. Vilima vilikuwa vimehama. Kimoja kilikuwa kimetoweka, vingine vimeota pasipokuwa na kitu.

"Ni dawa bandia?" nikamuuliza. Nilikuwa tayari na hasira yangu kwa ajili ya kiwanda.

"Hapana. Molekuli ni ileile, na sidhani kama kiwanda kina kosa. Imeingiza maji. Maji haya hayakulowanisha unga, yamejipanga ndani ya fuwele yenyewe, yamekuwa sehemu ya nyumba." Akanitazama juu ya miwani yake. "Dawa hii ilikaa wapi?"

"Mahali pa baridi," nikajibu upesi, kwa sauti yangu ya darasani.

Na hapo nikauona mtungi. Niliona shingo yake, uzi, fundo la kitenge likining'inia juu ya maji yanayouma meno, na yaya akinitazama nimsifu.

Kibaya zaidi, nilikuwa najua. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba karbamazepini ikikaa kwenye unyevu hujifunga na maji, hugeuka ngumu, hushindwa kuyeyuka tumboni inavyotakiwa, na mgonjwa anaweza kuanguka huku anameza kila siku. Nimelitoa swali hilo kwenye mtihani. Aliyekosa nilimpa sifuri na maneno juu yake. Kule juu ya moto, kwenye masizi niliyoyadharau, unyevu haukufika, na vidonge vilikaa vikavu na vizima miaka yote. Mimi ndiye niliyeviteremsha.

Jioni ile nilichukua glasi mbili za maji kwenye chumba changu. Kidonge cha Muhumba kilipasuka kikawa unga kabla sijaketi. Cha yaya kilikaa chini kama kokoto. Nilimaliza chakula, nikaosha sahani, na kilikuwa bado kokoto. Kwa hiyo glasi ya maji tu ingeniambia, palepale jikoni kwake, bila ndege, kama ningekuwa mtu wa kuuliza. Lakini sitadanganya: nafurahi kwamba niliona ngoma ile. Nilihitaji kitu kikubwa kiasi hicho ili ninyamaze.

Nilimpigia simu mume wangu, nikamwambia apeleke Nyantende kopo la Muhumba lote, lifungwe vizuri na kifuko chake cha kunyonya unyevu ndani, na zile za mtungini zitupwe. Akaniuliza sababu. Nikasema nitaeleza nikirudi. Nilikuwa na maneno ya kukaripia katika lugha tatu, na la kuomba radhi halikunitoka kwenye simu.

Uoga huo ulimgharimu yaya. Niliporudi, alikuwa hajaanguka kwa majuma mengi. Nilifika Nyantende nikitegemea kukuta furaha, nikamkuta kwenye kigoda kilekile, mikono mitupu mapajani. Mkwe akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwa shukrani:

"Tantine, vile tonton alileta kopo, maman aliogopa. Sasa anamezaka ya kweli. Ulikuwa na haki."

Kupona kwenyewe kulikuwa kumemtia hatiani. Nyumba nzima iliona kwamba alipoacha kudanganya, aliacha kuanguka. Na mwongo hawezi kupewa mtoto, maana nani ajue kesho ataruka tena?

Nilimwita mkwe aje jikoni, mtoto akiwa mgongoni kwake. Nilitaka awepo, kwa sababu alikuwepo mara zote nilipopandisha sauti. Nikakaa chini, kwenye mkeka, mbele ya kigoda cha yaya, kitu ambacho sijafanya tangu tukiwa wadogo.

"Yaya, ulikuwa unameza. Kila siku. Ni mi niliharibu dawa."

Nikawaeleza yote. Nikawaeleza mwanga unaopita kitenge, miviringo sita, molekuli zinazocheza, maji yaliyoingia yakajenga ndani ya dawa. Nikawaambia hata pumzi yangu iliandikwa. Mkwe alishika mdomo. Yaya alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake kwenye moto.

"Ile mashini," akauliza, "iliona maji mu dawa, hata maji yenye imejificha?"

"Iliona."

"Na kama minamezaka, iliona?"

"Apana, yaya. Ile haiwezi kuona."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Basi ulienda mpaka Poto, kwa Wazungu, kusikia kintu nilikwambia hapa mu jiko."

Niliinuka nikapanda juu ya benchi, nikachukua kopo jipya lililokazwa kifuniko, nikaliweka kwenye kichanja, pembeni kidogo ambako moto hauunguzi, karibu na mbegu za maharagi. Masizi yakanichafua mikono yote miwili. Yaya akaniambia nilisogeze zaidi kushoto, nami nikalisogeza.

Nilipogeuka, mkwe alikuwa anafungua kitenge chake. Hakuna aliyemwambia. Alimtoa mtoto mgongoni, akapiga magoti, akamsaidia yaya kushuka kutoka kwenye kigoda mpaka kwenye mkeka, mbali na moto, akamweka mtoto mapajani pake. Yeye mwenyewe akakaa karibu, bega kwa bega, mkono mmoja tayari nyuma ya mgongo wa mama mkwe. Mtoto akamtazama bibi yake, akashika kola ya blauzi yake. Yaya akampima kwa mikono, akamwinua kidogo, akamshusha. Alikuwa hajamshika tangu mvua za kwanza.

"Ako muzito," akasema.